Kamba Niliyoifunga Mbuba

Mzee wangu,

Shikamoo. Safari hii marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana nina habari njema na nimeshindwa kuikalia. Jina lako limesafika. Mwenyekiti amelitamka mbele ya mkutano wa kijiji, Keza nzima imesikia, na mkeo, Mama Anastazia, alikuwa ameketi mstari wa kwanza.

Ulikufa wakisema umeuza matairi mapya ya Landrova ya kijiji ukafunga chakavu. Yale mawili ya mbele, hata miezi mitatu hayajamaliza, kingo za nje zimelika mpaka nyuzi zinaonekana, na katikati meno bado yamesimama. Wakayafungia ofisini kama ushahidi. Wewe ulipitisha kiganja juu yake, kwenda laini, kurudi yanakwaruza, ukasema, "Hapa chini kuna kitu kimepinda." Wakaona unatafuta kisingizio. Vita ilitaka maharage ya askari yafike Biharamulo kila juma, kwa hiyo hukupewa hata siku moja ya kulala chini ya gari. Kisha ile homa ikakurudia na kukuchukua.

Nami nilikushuku, Mzee. Nakuambia wazi. Nilichimba kaburi lako nikiwa na shaka moyoni.

Wakanipa mimi, utingo wako, usukani. Yakaja matairi mengine mapya, nikayalinda kama mayai. Yakalika vilevile, nje tu. Basi nikajua mwizi hayupo. Nikakata ufito, nikapima nafasi kati ya matairi mawili kwa mbele, kisha kwa nyuma, kama ulivyonifundisha. Kwa mbele palikuwa pamebana kuliko nyuma kwa kidole kizima. Magurudumu yalikuwa na makengeza, yanatazamana. Nikaingia chini, nikaiona tairodi, ile fimbo ndefu inayoyaunganisha, imepinda katikati kama upinde.

Hapo nikakumbuka siku ile njiani Mbuba, kabla matairi yako hayajaanza kulika. Gari limezama, wewe umejikunja kwenye kiti unatetemeka kwa homa, wanaume kumi wanangoja kuvuta. Ukaniambia kupitia dirishani, "Funga kwenye chesisi." Nikajibu, "Ndiyo, Mzee." Lakini chesisi, chuma kinene kinachobeba gari zima, ilikuwa imefunikwa na tope, nami nilikuwa nimevaa suruali mpya ya Pasaka. Nikafunga pale mkono ulipofika, kwenye tairodi, wakavuta.

Nilikwenda kwenye kamati ya kijiji na ufito wangu, Mama Anastazia naye akiwapo, nikasema yote, hata suruali. Nilipomaliza nilijisikia kama mtu aliyetua gunia la mihogo. Mama Anastazia alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. "Suruali ya Pasaka," alisema. "Angekufanya uifue hiyo suruali mwaka mzima."

Tairodi nzima tuliipata kwenye gari bovu kule Rulenge. Nimeifunga, nimepima tena kwa ufito, nimehamisha matairi ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, na lile la akiba nalo linapata zamu yake badala ya kukaa linaota jua. Kiganja sasa kinapita laini kwenda na kurudi.

Yale matairi yako yametoka ofisini. Mama Anastazia aliyapeleka yakakatwe katambuga. Mwenyekiti mwenyewe aliomba jozi, akazivaa siku aliyokuja kaburini kwako kuomba radhi. Sijui kama ulimwona. Zangu ninazo miguuni ninapoandika. Upande mmoja umelika, natembea nimeinama kidogo, na sitazibadilisha.

Pumzika, Mzee. Nakuahidi kwamba kila atakayeshika kamba mbele yangu atalala topeni kwanza, awe na suruali ya Pasaka au ya harusi. Juzi tulizama tena, palepale Mbuba. Nilivua shati, nikalala chali, nikachimba kwa mikono mpaka nikagusa chuma. Ulinipa agizo nikakuitikia kwa uongo. Sasa naweza kukuitikia vizuri.

Ndiyo, Mzee. Nimefunga kwenye chesisi.