Miwani ya Darubini

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, na baridi ya huku nimeizoea kama mtu anavyomzoea jirani mkorofi. Goti lako je? Mvua za Ngombezi zinakuruhusu kutoka?

Barua iliyopita nilikutia hofu, kwamba sisi waosha vioo wa karakana tutarudishwa makwetu. Darubini waliyoirusha angani ilikuwa inatuma picha za ukungu. Nyota ilionekana kama kibatari kinachotazamwa na mtu anayelia. Wakubwa wakaanza kunong'ona kwamba kazi yote ifungwe.

Kumbe kioo chake kikubwa kilisuguliwa vizuri mno, ila kifaa cha kukipimia kilifungwa vibaya. Kioo kikakosewa kwa unadhifu. Mkuu wetu, mama mmoja asiyecheka, akatuuliza kama yupo aliyewahi kuona ujinga wa namna hiyo. Nikanyoosha mkono.

"Wapi?"

"Kwetu, mama. Baba alikuwa mnyapara wa kupanda mkonge. Alipima mistari kwa kamba ya katani iliyolowa mvua, nayo ikilowa hunywea. Shamba zima likanyooka, likabanana."

"Mkalitupa?"

"Hapana. Kosa lilikuwa lile lile kila mahali. Aling'oa kila mstari wa tatu, pakapitika."

Nisamehe kwa kukutangaza ng'ambo. Akanitazama, akasema, "Baba yako angetufaa. Na sisi kosa letu ni moja tu, tunalijua kipimo chake."

Wakachonga vioo vidogo kama sarafu, vyenye kosa lile lile kwa kinyume, ili kimoja kifute kingine. Ni miwani, Baba, basi tu wao wameipa jina refu. Kuviosha nikapewa mimi. Siku nne nimejifunika kama mrina asali, napumua kwa adabu, maana chembe moja ya vumbi ingetumaliza wote. Wanaanga wakapanda navyo, wakavifunga.

Jumanne asubuhi picha ya kwanza ikafunguka. Nyota ilikuwa nukta. Nukta kali, na nyuma yake nyingine ambazo hakuna aliyejua kama zipo. Mama asiyecheka akakaa sakafuni. Fundi mzee kando yangu akafuta macho.

"Vumbi," akasema.

Chumba chenyewe hakina vumbi, naliondoa mimi.

Kazi haifungwi tena. Mkataba wangu umeongezwa, na safari hii jina langu wameliandika bila kukosea.

Msalimie shangazi wa Mashewa, mjomba mfuga nyuki wa Kang'ata, na dada mwenye genge sokoni Korogwe. Mama nasikia ameshanitandikia kitanda. Mwambie chumba aweke mahindi.

Mwanao mwosha vioo,
Saidi