Utando Laini na Miguu ya Mama

Nyahanga, Jumanne

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba yule muuza dawa ya unga wa mizizi wa sokoni Nyasubi hakusema uongo mtupu. Alimwambia mama kwamba vidonge vya kupunguza kolesteroli hulainisha utando wa seli, ile ngozi nyembamba inayoizunguka. Ni kweli, ulaini huo nimeupima mwenyewe maabarani, kazini kwangu. Kisha akaongeza: "Ndiyo maana miguu yako inalegea, mama." Mama akaviacha vidonge, mwaka mmoja tu baada ya kiharusi!

Ulaini wa utando si ulegevu wa miguu. Chembe nyekundu ya damu hupita katika mishipa myembamba kuliko yenyewe; isipojikunja, haipiti, na utando laini ndio unaoisaidia kujikunja. Dawa hizi zinaweza kuleta maumivu ya misuli, naam, lakini hilo huamuliwa na daktari kwa vipimo, si na mtu mwenye kipaza sauti sokoni.

Nilimweleza mama hayo yote, kwa sauti ambayo haikuwa ya heshima. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe," akasema. "Sasa kliniki mbona walisema tu, 'Bibi, meza'? Yule kijana wa unga alinivutia kigoda, akanieleza kwa Kisukuma."

Nikavuta kigoda nami, nikaanza upya kwa Kisukuma, nikakwama kwenye neno la utando.

"Sema ngozi ya maziwa yaliyochemka," akanisaidia.

Kidonge cha leo amekimeza, na kesho tunakwenda kwa daktari. Hasira bado ninayo, ila si na muuza unga peke yake.