Chai ya Rangi na Mkate Mweupe

Jumanne, 1 Julai
Asubuhi chai ya rangi na mkate mweupe. Mchana wali mtupu. Jioni chai tena. Wiki ya nne hii tangu nijifungue mtoto asiye na uhai. Stoo ina kufuli, na ufunguo anao Dahabo, dada mkubwa wa mume wangu, ambaye tunaishi naye hapa Garissa. Maziwa ya ngamia huletwa kila siku. Nasikia yakimiminwa. Leo niliomba kikombe.
"Abaayo, dada yangu, maziwa ni ya mwenye kunyonyesha," akasema. "Wewe unamnyonyesha nani?"
Naandika Kiswahili cha shule. Yeye hakisomi.

Jumamosi, 5 Julai
Nimelia tangu alfajiri. Kichwa kizito. Abdi, mume wangu, yuko njia ya Banissa na lori. Nilimpigia, nikaishia kumuuliza hali ya barabara. Dahabo amewaambia majirani nina jini. Walikuja kunitazama kama ngamia mgonjwa wa mnadani.
Namchukia. Chuki ndiyo chakula pekee ninachoshiba.

Jumatano, 9 Julai
Nimekwenda zahanati peke yangu. Muuguzi hakuuliza habari za jini. Aliuliza, "Jana ulikula nini? Na juzi?" Jibu lilikuwa lile lile. Akanivuta kope chini, akapima. Damu imepungua sana. Akasema msiba ni msiba, hakuna chakula kitakachoufuta, lakini mwili mtupu unaubeba vibaya, na akili nayo inakula. Amenipa vidonge. Nile maini, mayai, kunde, mboga za majani. Nirudi kila wiki tuzungumze.
Kumbe si wazimu. Nilikuwa na msiba na njaa. Msiba ulitoka kwa Mungu. Njaa najua ilikotoka.

Jumatatu, 21 Julai
Abdi yupo. Nimemwambia yote. Akasema dada yake ni mja mzito, tusimkasirishe. Lakini ananiletea maini na mayai, napika chumbani kwa jiko dogo. Nalala usingizi sasa. Jana nilicheka, nikajishangaa.
Mimba ya Dahabo imefika miezi minane. Anahesabu siku. Mimi nazihesabu kuliko yeye.

Ijumaa, 15 Agosti
Amejifungua msichana. Atakaa ndani siku arobaini. Mumewe yuko Mandera, Abdi amesafiri tena. Ufunguo wa stoo amenikabidhi kwa mkono wake.
Nilimpelekea chai ya rangi na mkate mweupe. Alitazama sinia. Akanitazama. Ameelewa.

Jumapili, 17 Agosti
Wali mtupu. Majirani walileta supu, nikaipokea mlangoni, nikawaambia mzazi amelala. Nikainywa mimi. Tamu.
Kiburi kinamzuia kulalamika. Vizuri. Nacho kitakwisha.

Jumatano, 20 Agosti
Kimekwisha. Ameomba maziwa.
"Yamechacha," nikamwambia. Yalikuwa mazuri kabisa.
Mtoto ananyonya kidogo, analia, ananyonya tena. Dahabo naye akaanza kulia. Nilisimama nje ya mlango nikisikiliza. Nilifurahi. Hapa sidanganyi: nilifurahi.

Jumamosi, 23 Agosti
Nimemkuta ameegemea ukuta. Mtoto yuko mwisho wa mkeka, midomo mikavu, sauti imemkauka. Dahabo hamtazami.
"Mchukue," akasema. "Simtaki. Sitaki kitu chochote."
Nikaogopa. Haikuwa huruma kwa Dahabo. Mtoto huyu amenikosea nini? Nilimbeba kifuani, nikamvuta mama yake kwa mkono, tukapanda bajaji hadi zahanati.
Muuguzi akauliza Dahabo amekuwa akila nini. Nikajibu mimi. Siku zote nane, sikuficha hata moja. Nilingoja Dahabo anitukane.
"Mimi nilianza," akamwambia muuguzi. "Huyu nilimlisha hivyo mwezi mzima."
Muuguzi alitugombeza sote wawili kwa zamu. Akasema wengine hushikwa na huzuni hii baada ya kuzaa hata wakila vizuri, kwa hiyo asiachwe peke yake, mchana wala usiku. Mtoto akapewa maziwa kwa kijiko. Akameza.

Jumanne, 26 Agosti
Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye mashuka. Nimepika mchuzi wa mbuzi na kunde. Dahabo amekula nusu bakuli. Kesho tunarudi zahanati.
Sijamsamehe. Naye hajaniomba. Sijui kama atanisamehe mimi.
Alipokuwa anakula nilimpakata mtoto. Ana nywele nyingi. Dahabo akaniuliza, macho chini, mtoto wangu ningemwita nani.
"Hodan," nikasema.
Hakuna aliyewahi kuniuliza. Akalitamka jina lile mara moja, polepole, akasogea kidogo kwenye mkeka ili niketi.