Mama, Mwanaidi Alikuja Msibani

Shikamoo, mama.

Misa yako ya arobaini imepita. Padri alifupisha mahubiri kwa sababu ya mvua, wanajumuiya wakala wali wamesimama barazani, na turubai la kukodi likavuja upande ule ule walikokaa ndugu wa baba. Ungecheka. Mimi nilicheka, halafu nikaingia chumbani kwako nikakaa kitandani hadi waliponifuata. Lakini sikuandikii ili kulia. Kuna jambo lako nimelijua ukiwa umeshaondoka, na sina mwingine wa kumshukuru.

Lile pambano langu na Mwanaidi. Gari la matangazo lilizunguka mji mzima mpaka huku kwetu Ruhuwiko likimsifu yeye, bondia wa Dar ambaye hajawahi kupigwa. Jina langu walilitaja mwishoni, tena wakalikosea. Nilikuwa fundi cherehani wa sokoni na bondia wa hapa mjini tu, niliyeitwa kuziba nafasi baada ya mpinzani wake kuumwa. Kijiweni kwa bodaboda hawakubishana nani atashinda. Walibishana nitaanguka raundi ya ngapi. Wewe hukunizuia. Uliniambia tu, "Nenda, ila urudi na akili zako."

Raundi ya kwanza nilianguka. Ya pili siikumbuki vizuri. Ya nne alinijia mikono ikiwa juu, nikampiga ngumi moja ya chini, ubavu wa kulia. Akapiga goti. Mwamuzi akahesabu mpaka akamaliza, Mwanaidi bado ameinama vile vile.

Kesho yake mji ukasema ameuza pambano. Waliokaa upande wa pili hawakuiona ile ngumi. Waliona mtu anapiga goti tu. Gaudens, yule dereva wa bodaboda mwenye sauti kuliko wenzake wote, alikuwa na video kwenye simu inayoonyesha mgongo wangu, basi kila abiria aliyepanda lazima aonyeshwe na kuambiwa kwamba ule ulikuwa mchongo.

Mimi nilikuwa kitandani, jicho limeziba, mdomo haufunguki. Ulininywesha togwa kwa mrija. Halafu siku moja ukajifunga kitenge ukaenda kijiweni, wewe ambaye hukuwahi kusimama pale hata kuuliza nauli. Ukarudi na Gaudens na wenzake wawili, helmeti mikononi, ukawasimamisha mlangoni kwangu.

"Mpeni pole mgonjwa," ukawaambia. "Mkishampa pole, rudini mkabishane."

Gaudens alinitazama, akasema pole dada, kisha akawa anaangalia viatu vyake. Mama, nilitamani ardhi ipasuke. Lakini tangu siku hiyo yeye akawa upande wangu. Wengine walikubali kwamba nimeumia, ila wakashikilia kwamba mwenzangu ndiye aliyelipwa.

Promota alipopiga simu kutaka turudiane, nilikuwa tayari. Nilitaka niwafunge midomo. Ukaniuliza kama nakwenda kupigana na Mwanaidi au na kijiwe. Nikakuuliza na wewe utajuaje kama nilishinda kweli, wakati hukuwepo ukumbini. Ukasema, "Ninajua," ukaendelea kuchambua maharage. Promota sikumpa jibu, lakini nilidhani ni upendo wa mama tu.

Sasa sikiliza. Siku moja baada ya kukuzika, Mwanaidi alishuka kwenye basi la Dar na begi dogo na ushungi mweusi. Alinikumbatia, akaingia jikoni kwa akina mama akauliza kazi iliyobaki ni ipi. Wakampa vitunguu. Nje, wanaume waliokuwa kwenye viti vya plastiki wakaanza kunong'ona, mpaka mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba si mnaona, hawa ni marafiki, walipanga.

Mwanaidi akaweka kisu chini. Akawaendea, akawaamkia wazee, akasimulia akiwa amesimama. Asubuhi baada ya pambano wenzake walipanda basi la alfajiri wakamwacha gesti, maana hakuweza hata kukaa kwenye kiti. Promota hakupokea simu. Kila akienda haja ndogo anaona damu. Mlango ukabishwa, akaingia mama wa makamo na chupa ya togwa.

"Mimi ni mama wa yule aliyekupiga," ulimwambia. "Nimekuja kukuona."

Ukampeleka hospitali. Ukakaa naye kwenye benchi mpaka jioni. Ndiyo ile siku uliyoniwekea kikombe na mrija kando ya kitanda, ukasema unapita jumuiya. Akasema mmekuwa mkipigiana simu mpaka ulipolazwa, na kila mara ulimuuliza kama mkojo umekuwa safi.

"Sikumuuzia mtu pambano," akawaambia. "Ubavu uliopigwa ni wangu. Niulizeni mimi."

Mzee mmoja akainuka, akampa kiti chake. Yule aliyesema walipanga akaenda kusaidia kupasua kuni.

Sitakudanganya, mama. Haikupita wiki kijiwe kikaanza upya, kwamba hata hiyo habari ya hospitali tumeitunga. Gaudens alitaka kukunja ngumi. Nikamwambia awaache, na nilipokuwa natembea kurudi sokoni nikagundua haijaniuma. Mimi najua nilishinda. Na wewe ulijua, kwa sababu ulituona sote wawili tulivyoumia.

Asante, mama. Asante kwa kuniruhusu niende. Asante kwa kutonieleza siku ile, maana ungenieleza ningekwenda kijiweni kulitangaza, na Mwanaidi angeaibika kwa ajili yangu. Nilidhani huruma yako ilikuwa yangu peke yangu kwa kuwa nimetoka tumboni mwako. Kumbe ilimtosha hata aliyenivimbisha uso. Sasa nina dada Dar anayenipigia kila Ijumaa, na huyo ni wewe uliyeniachia.

Promota amepiga tena. Nimekataa, na Mwanaidi amekataa. Mwezi ujao nitapanda ulingoni na binti wa Mbinga, kwa sababu napenda ngumi, basi. Nakuahidi hivi: nikimshinda, asubuhi yake nitauliza amelala wapi, niende nikamwone kabla sijasikia mtu yeyote anasema nini.

Pumzika, mama. Umefanya kazi.

Mwanao,
Veneranda