Kitambaa Nyuma ya Klachi

Mabawa, Tanga
Jumapili

Kaka Eliudi,

Shikamoo. Simu zangu hupokei, kwa hiyo barua hii nimempa shemeji Bibiana akukabidhi mkononi. Mama bado ana plasta kwenye mguu uliovunjika, ila anakula vizuri.

Jana nilishusha gia boksi ya ile pikapu uliyoniuzia, hapa hapa uani, kwa jeki ya kuazima. Pleti ya klachi nimeikuta imelowa oili chapachapa. Ndiyo maana siku ile kwenye kilima cha Amani klachi iliteleza, gari likashindwa kupanda, likarudi nyuma na Mama ndani mpaka mtaroni. Ulisema sijui kuendesha, na ukoo mzima ukakuamini.

Sili ya injini, ule mpira wa kuzuia oili, ilishachakaa. Mtu aliizungushia kitambaa ili oili isivuje mpaka gari limtoke mikononi. Nilikifua kwa petroli, rangi ikarudi. Ni pindo la kanga ya Mama, ile sare ya msiba wa Baba ambayo Mama aliitafuta nyumba nzima.

Sili nimeweka mpya, na klachi mpya. Gari linapanda.

Kitambaa nimekianika kambani. Mama ameketi barazani, anakitazama tangu asubuhi.

Mdogo wako,
Hosea