Betri Tuliyoifunga Roshani

Baba Poni mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na wote waliolala na kuamka hapo nyumbani Lurujo. Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unaonisumbua kwa kuwainua wazee kule kazini. Wewe je? Mvua imenyesha ya kutosha? Karanga za shamba la chini zimeota, au ndege wamezifukua tena? Na kikohozi cha mama kimepoa? Mwambie asikae karibu na moshi, ingawa najua atakujibu kwamba moshi amezaliwa nao.

Siku ile kwenye simu uliniuliza, “Mama Poni, unarudi ao hurudi?” nami nikaanza kukueleza habari za baridi. Hukuniuliza tena. Naandika barua kwa sababu kwenye simu naogopa sauti yako ikinyamaza. Lakini niache nianze na mambo ya betri, maana jibu lenyewe lilitokea humo.

Unamkumbuka Furaha, yule mama wa Aru, upande wa Kongo, ninayekaa naye. Kwao na Vurra ni kuvuka mpaka tu, na akipika sombe, kisamvu cha kwao, Jumapili, mimi nafumba macho nione kama niko soko la Arua. Mwaka jana tulitundika paneli mbili za sola kwenye roshani yetu, kama majirani wengi wanavyofanya huku Ujerumani. Ungecheka, Baba Poni. Sisi jua tunalikimbia, tunahamisha mkeka tukifuata kivuli, na watu wa huku wanalitegea kwenye ukuta wa ghorofa.

Shida ni kwamba jua linapiga roshani mchana, wakati sisi wawili tuko kazini na nyumbani kuna friji peke yake. Tukirudi jioni kupika, jua limekwisha na tunatumia umeme wa kununua. Kwa hiyo tukakubaliana tutafute betri. Ndipo tulipoanza kugombana.

Jirani yetu wa chini, mzee Holger, alikuwa fundi wa umeme kabla ya kustaafu. Tulimwita, akaja na miwani yake, akakagua, akatueleza kwamba kuna aina mbili. Ya DC inafungwa katikati ya paneli na inverta, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa jua uwe wa kutumia nyumbani. Umeme wa jua unaingia ndani yake jinsi ulivyotoka kwenye paneli, unageuzwa mara moja tu ukienda kwenye soketi, kwa hiyo unaopotea ni mdogo. Lakini hiyo ikishafungwa imekuwa kitu kimoja na paneli, inakaa hapo. Ya AC unaichomeka tu kwenye soketi, hata jikoni, wala waya za paneli huzigusi. Umeme wake unageuzwa kuingia, unageuzwa tena kutoka, na kila mara unapungua. Faida yake, siku ukihama unaichomoa unaondoka nayo.

“Tunachukua ya kuchomeka,” nikasema hapo hapo.

Furaha akatikisa kichwa. “Hapana, dada. Ile inakula moto ya umeme bure. Tufunge ile ingine.”

“Na tukihama?”

“Nani anahama?”

Nilimgeukia mzee Holger nikamuuliza kama betri ya kuchomeka naweza kuipeleka Uganda. Kichwani nilikuwa nimeshaiweka pale chumbani, kando ya kabati lako, na Poni anasoma kwa taa. Mzee akavua miwani. Akasema ndege haitakubali kubeba betri kubwa namna hiyo. Halafu akauliza kama kijijini kwetu kuna umeme wa serikali. Nikasema hakuna. “Basi hata ikifika itakaa kimya,” akasema. “Hii unayoitaka inausubiri umeme wa nyumba ndipo ifanye kazi.” Akaongeza kwamba ziko chache zenye soketi yake ya dharura, lakini kwa kijiji kama chetu ni afadhali kununua vitu vya sola huko huko, paneli iende kwenye betri moja kwa moja.

Nilimshukuru, nikacheka naye. Kisha nikaingia bafuni nikafungulia maji, wasinisikie.

Mzee alipoondoka Furaha alinifuata, akakaa sakafuni nje ya mlango. “Mama Poni, toka. Si mambo ya betri hii.”

Nikatoka. Alikuwa anafuta macho kwa kitenge.

“Makaratasi ya bwana yangu imetoka,” akasema. “Yeye na watoto. Wanakuja hapa.”

“Tangu lini?”

“Juma ilipita.”

“Na hukuniambia?”

“Ningesema namna gani? Wewe unapiga simu, mtoto anakusalimia mara moja anarudisha simu kwa baba yake. Mutu atakuja kukuambia wangu wanakuja?”

Nilimkumbatia, Baba Poni. Nilifurahi kwa ajili yake kweli, na bado kifua kiliniuma kama nimemeza mfupa. Tulikaa pale chini mpaka chai tuliyokuwa tumeipika ikapoa. Mwishowe akaniuliza swali lako lile lile, polepole, “Na wewe unakaa?” Nikasikia mdomo wangu unasema, “Mimi iko narudi nyumbani.” Sikuwa nimelipanga. Lilitoka kwa Kiswahili cha kwetu, na sikutaka kulirudisha.

Tulinunua ya DC. Roshani sasa ni ya watu wanaokaa, na kwao ndiyo inayofaa. Mzee Holger alifunga waya, mimi nilishika betri, nzito kama gunia la muhogo mbichi, na Furaha alitupigia kelele tusiiangushe. Jioni ile tulipika ugali kwa jua la mchana. Furaha alikula akiimba. Mimi nilikula nikifikiria mnaanika nini uani.

Msimamizi wangu nimeshamwambia: mkataba huu ukiisha sitatia sahihi mwingine. Nitakuwa nyumbani mkiwa mnavuna simsim, ule ufuta wetu. Usinunue chochote cha sola kabla sijafika. Tutakwenda Arua wote wawili tukachague.

Nisalimie mama, na wazee wa kanisa. Msalimie mdogo wako Wani anayepakia malori Vurra. Mwambie atanipokea Arua, asije amelewa. Na dada yako Keji, aliyemlea mtoto wangu, mpigie magoti kwa niaba yangu. Najua Poni anamwita mama. Usimkataze, wala usimfundishe kuniita mimi. Siku nikifika mwache asimame mlangoni aniangalie mpaka atosheke, nami nitakaa chini uani nimngoje.

Ni mimi mkeo, ninayekuwaza,
Kiden