Sauti Iliyosema Kumi

Mafiga, Morogoro
Jumanne, baada ya Asri

Kwako dada yangu Mwajuma,

Shikamoo dada. Naomba kwa Mola barua hii ikukute umeamka vizuri, wewe na wanao, na lile goti liwe limetulia. Mimi mwili wangu mzima, Alhamdulillahi.

Najua umekasirika. Tangu Jumapili umenipigia simu mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa nimeishika mkononi, naliona jina lako, inalia mpaka inakata. Sikuwa kazini wala sikuwa nimelala. Nataka nikueleze kwa nini, na nakuomba barua hii usimpe mtoto akusomee. Isome mwenyewe, taratibu, miwani si unayo.

Walimu wa shule ninayopikia wana desturi ya kupanda milima wakifunga muhula. Safari hii walichagua Lukwangule, ule uwanda wa juu huko Uluguru, wakasema wapishi twende nao, maana mwaka jana walishindia biskuti. Tukawa kumi: walimu saba, mimi, mpishi mwenzangu Chande, na mwenyeji wa Mgeta anaitwa Mkude, ndiye mjuzi wa njia. Chande nimeshakutajia. Ndiye yule Mluguru aliyenikaribisha chumbani kwake nilipofika Morogoro sina ninayemjua. Na kwa kuwa Waluguru ni watani wetu sisi Wanyamwezi, haipiti siku hajanichokoza.

Tulilala Mgeta, Jumamosi tukaswali Alfajiri tukaanza kupanda. Mwanzoni ni matuta ya kabichi na karoti, unakutana na kina mama wanashuka na mizigo kichwani kama wako sebuleni kwao, na wewe unahema. Chande alinibebesha sufuria kubwa.

"Mnyamwezi akiona mzigo haulizi unakwenda wapi," akasema. "Babu zako walibeba mpaka pwani, wewe sufuria tu unalia."

Nikamwambia, "Na wewe Mluguru mguu mmoja mfupi kwa kuzaliwa mteremkoni. Ngoja tufike tambarare, utaanguka."

Walimu walicheka sana. Dada, lile neno langu nalijutia mpaka sasa.

Tulipoingia msituni baridi ikabadilika. Si ile ya kipupwe unayoijua. Hii inaingia kwenye meno. Miti huko imeota kuvu kama ndevu, inachuruzika maji na mvua hainyeshi. Kabla hatujatokea uwandani Mkude akatusimamisha. Akasema huko juu ukungu ukishuka humwoni aliye mbele yako, kwa hiyo kila mtu apewe namba, na kila akipuliza filimbi tuhesabu kwa sauti kutoka mbele mpaka nyuma. Yeye moja, walimu mbili mpaka nane, mimi tisa, Chande kumi.

"Na kitu kingine," akasema. "Ukisikia unaitwa jina lako, usigeuke, usiitike. Itika namba tu. Majina yetu wanayajua. Namba hawazijui."

Mwalimu Rehema, anayefundisha hesabu, akamwuliza ni kina nani hao. Mkude akavaa kofia yake vizuri, akaanza kutembea.

Mimi ni mtu wa swala, dada, mambo ya mizimu siyafuati. Lakini mzee wetu alitufundisha ukifika kwa watu, shika adabu ya watu. Nikaishika.

Uwanda wenyewe ni majani tu, marefu, ya rangi ya kahawia, na maji yamesimama chini yake. Ukungu ukashuka kama mtu amefunika sufuria. Namwona mwalimu aliye mbele yangu nusu, mara simwoni. Filimbi ikalia. Moja, mbili, tatu, zikaja mpaka kwangu, nikasema tisa, na nyuma yangu Chande akasema kumi. Tukaenda. Filimbi tena. Tisa. Kumi. Nilikuwa nasikia mpaka pumzi yake, karibu kabisa na bega langu, nikafurahi kwamba leo amechoka hata kunitania.

Kisha nikasikia, "Idrisa."

Mbali sana, nyuma. Sauti nyembamba.

"Kaka Idrisa."

Nikasimama. Niliijua ile sauti, dada, sitakudanganya. Ilikuwa ya Chande. Lakini Chande nilikuwa naye begani, ndiyo kwanza amesema kumi. Nikasema hiki ndicho Mkude alichotukataza. Nikaanza Ayatul Kursi. Ikaita mara ya tatu, safari hii ikasema "Mtani wangu," ikakatika. Sikugeuka. Nikaendelea kutembea, na ile pumzi ikaendelea nyuma yangu.

Tulikwenda hivyo, sijui nusu saa, sijui zaidi. Tukafika penye mwamba, upepo ukaja ukaupasua ukungu. Mkude akapuliza filimbi. Moja mpaka nane. Nikasema tisa. Na kumi ikasemwa, wote waliisikia. Mwalimu Rehema akageuka kuniangalia, akasema kwa upole kabisa, "Kaka Idrisa, Chande yuko wapi?"

Nyuma yangu palikuwa na majani tu.

 Mkude aliwaambia walimu wakae pale pale, washikane, mtu asisogee. Mimi na yeye tukarudi mbio. Nilikuwa namwita Chande kwa jina lake huku nalia, na sufuria nimeitupa. Jasho na ukungu vilikuwa vimetulowesha wote, na mtu aliyeloa akikaa chini kwenye baridi ile halafu akasinzia, haamki. Hilo Mkude aliniambia tukiwa njiani, hakunificha.

Tulimkuta amekaa pembeni ya njia, kifundo cha mguu kimevimba kama muhogo, midomo imekuwa ya majivu. Aliteguka pale uwanda unapoanza. Kwenye tambarare, kama nilivyomtabiria. Nikamvika koti langu, nikamkumbatia ili apate joto. Alipoweza kusema akasema:

"Asante kwa kurudi tena, mtani."

Nikamwuliza, "Tena vipi?"

"Si ulikuja mara ya kwanza? Nilikuita mara tatu, ukaja. Ukanishika bega ukasema kaa hapo hapo, usitambae, mbele kuna korongo, naenda kumwita Mkude. Ndiyo maana nikakaa."

Nikamwangalia Mkude. Mkude akawa anamfunga mguu kwa kitambaa. Ndipo akasema, kama anajisemea, "Na namba sasa wameshazijua."

Mkude aliwafuata walimu, tukambeba kwa zamu mpaka Mgeta, tukapata lori la mboga. Mguu haukuvunjika. Sasa anakaa kitandani anawasimulia wote wanaokuja kumjulia hali jinsi mtani wake alivyomrudia mara mbili kwenye ukungu. Watu wananishika mkono msikitini. Mkewe ameniletea bakuli la mchuzi wa kuku. Nami nimenyamaza, dada. Yule wa kwanza hakuwa mimi. Mimi nilisikia nikasimama, kisha nikaenda zangu. Aliyesema kumi akatufanya tumwache, na aliyemzuia asitumbukie korongoni, kama ni mmoja au wawili, sijui, Mungu ndiye ajuaye.

Ndiyo maana simu yako ilipolia niliiogopa. Nilisema, nikisikia sauti ya dada nitajuaje kama ni ya dada? Lakini usiku wa kuamkia leo nimewaza. Chande angekufa si kwa sababu niliitikia sauti isiyo yake. Angekufa kwa sababu niliikataa iliyo yake.

Leo baada ya Magharibi nakwenda kumwambia kweli. Nitamrudishia mkewe na bakuli lake. Akinifukuza, ana haki.

Nisalimie shemeji, na mama mkubwa mwambie dawa yake ya kifua nimeipata. Wajomba zangu hao wawili, wanao, waambie wasome. Jirani yetu aliyemwosha marehemu mama mpe salamu zake peke yake. Barua hii anakuletea binamu Hamisi, anapanda treni kesho.

Ukishaisoma, nipigie. Mara moja tu inatosha, nitapokea.

Mimi mdogo wako,
Idrisa